Sura ya 6: Una Mkono Bora. Sasa Uweke Dau Gani?

Kila anayehamia Omaha akitoka kwenye poka ya karata mbili huuliza swali lile lile: "Nimepata mkono mzuri kuliko wote mezani. Nijifanye sina kitu ili wenzangu waendelee kuingiza pesa, au niweke dau kubwa papo hapo?"

Wengi huchagua kujificha. Hupita bila kuweka kitu, uso mkavu, wakingoja mwenzao ajilete mwenyewe. Karata mbili baadaye mkono uliokuwa bora umeshuka hadi nafasi ya pili au ya tatu, na mwenye nao bado analipa kwa sababu hajaamini kilichotokea.

Jibu langu ni fupi: weka dau, tena kubwa, tena mapema. Sehemu kubwa ya sura hii inaeleza sababu. Sehemu ndogo inaeleza lini usifanye hivyo, na asiyeijua sehemu hiyo ndogo ndiye anayeondoka mezani mikono mitupu akilaani bahati.

Sheria mbili zinazobadilisha kila kitu

Omaha ilianza kuchezwa Las Vegas miaka ya mwanzo ya 1980, Robert Turner alipoipeleka kwa Bill Boyd, msimamizi wa poka katika kasino ya Golden Nugget. Kila mchezaji hupewa karata nne za siri. Mezani hufunguliwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa mkupuo, ambazo tutaziita flopu, kisha ya nne, kisha ya tano. Kabla ya flopu na baada ya kila ufunguzi kuna mzunguko wa kuweka dau.

Sheria ya kwanza: mkono wako wa mwisho ni karata tano, na lazima mbili zitoke kwako na tatu zitoke mezani. Si moja na nne, si tatu na mbili. Mgeni akiona shupaza nne mezani naye ana ree ya shupaza peke yake (ree ni ile karata ya A), hurukaruka kwa furaha. Hana kitu. Anahitaji shupaza mbili zake mwenyewe. Na aliyegawiwa ree zote nne amegawiwa balaa: ana jozi moja tu, na hakuna ree iliyobaki ya kumsaidia.

Tukubaliane majina ya mikono mitatu tutakayoitaja sana. Mfululizo ni karata tano zinazofuatana kwa namba, kama 7-8-9-10-J. Flashi ni karata tano za aina moja, zote kopa au zote shupaza. Fulu ni tatu za namba moja pamoja na mbili za namba nyingine. Fulu huipiga flashi, na flashi huupiga mfululizo. Ukiwa na jozi mkononi na karata ya tatu ya namba hiyo ikatokea mezani, una seti. Seti ni chini ya mfululizo, lakini meza ikipata jozi hugeuka fulu.

Sheria ya pili ni ukomo wa dau. Kitita ni pesa zote zilizokwisha wekwa katikati ya meza, na huwezi kuweka dau linalozidi kitita hicho. Anayepandisha dau la mwenzake huhesabiwa kana kwamba amelipia kwanza. Kitita kikiwa na chipu 100 na mwenzako akaweka 100, wewe ungelipia 100 na kitita kingefika 300. Kwa hiyo unaruhusiwa kuongeza 300 juu yake, jumla 400. Njia ya haraka ya mezani ni kuzidisha dau la mwisho kwa tatu, kisha kujumlisha kilichokuwapo kabla yake.

Matokeo ya sheria hii hayaonekani mara moja. Pesa hazifiki katikati kwa pigo moja. Hupanda kwa ngazi, na ngazi iliyorukwa hairudi. Tuseme flopu imefunguka kitita kikiwa na chipu 100, na mpinzani mmoja yuko tayari kulipia kila utakachoweka:

- Ukiweka kitita kizima katika hatua zote tatu, kitita kitakuwa 300, kisha 900, kisha 2,700. Mpinzani ametoa chipu 1,300.
- Ukiweka nusu ya kitita kila hatua, kitakuwa 200, kisha 400, kisha 800. Ametoa 350.
- Ukipita kwenye flopu ili "kumtega", kisha ukaweka kitita kizima hatua mbili zilizobaki, kitaishia 900. Ametoa 400.

Rudia kusoma mstari wa tatu. Kupita mara moja tu, mwanzoni, kumekugharimu chipu 900. Katika poka isiyo na ukomo ungeweza kulifidia pengo hilo mwishoni kwa kusukuma chipu zako zote. Hapa sheria haikuruhusu.

Kwa nini aliye mbele hayuko salama

Karata nne zikipangwa mbili mbili hutoa jozi sita tofauti. Maana yake kila mpinzani ni sawa na mtu aliyeshika mikono sita ya poka ya kawaida. Ukikaa na watu watatu, kuna mikono kumi na minane inayotafuta namna ya kukupita.

Tazama mfano huu, maana nitaurudia. Wewe una A-K-9-9. Flopu ni 9-8-2 za aina tatu tofauti, kwa hiyo flashi si tishio kubwa. Una seti ya tisa, na hakuna mkono unaoizidi kwa sasa. Mpinzani ana J-10-7-6. Hana hata jozi. Ungeulizwa nani ana nafasi kubwa ya kushinda, ungesema nani?

Hesabu karata zinazomwokoa. Akija malkia yeyote (Q) amepata mfululizo wa 8 hadi Q. Ikija 5 yoyote, amepata wa 5 hadi 9. Ikija J, 10, 7 au 6, pia amekamilisha. Hizo ni karata 20, na zilizobaki kwenye pakiti, ukiondoa zenu nane na tatu za mezani, ni 41. Wewe nawe una njia ya kurudi, kwa sababu meza ikipata jozi unapata fulu. Ukizipitia njia zote hadi karata ya tano, yeye anashinda takriban mara 54 kati ya 100.

Naam. Asiye na jozi ndiye anayetarajiwa kumshinda mwenye mkono bora mezani.

Mambo haya huwakuta hata mabingwa. Novemba 2009, kwenye tovuti ya Full Tilt Poker, Patrik Antonius wa Finland na Viktor Blom wa Sweden, aliyejulikana wakati huo kwa jina la Isildur1 tu, walicheza kitita cha Omaha kilichozidi dola 1,350,000, kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuonekana katika poka ya intaneti hadi siku hiyo. Antonius alikuwa na A-K-K-3, Blom 9-8-7-6. Flopu ilikuwa 5-4-2. Antonius alikuwa na mfululizo tayari, wa A hadi 5. Blom hakuwa na kitu mkononi isipokuwa matumaini. Lakini 3, 6, 7 au 8 yoyote ingempa Blom mfululizo wa juu zaidi. Karata zilizobaki za namba hizo zilikuwa 12, na alikuwa na nafasi mbili za kuzipata, kwa hiyo mambo yalikuwa karibu nusu kwa nusu. Zikaja 5 na 9. Antonius akachukua zote.

Kwa hiyo neno "bora" katika Omaha lina muda wake wa kuisha. Linaeleza hali ilivyo hadi karata inayofuata.

Dau ni bei ya kuona karata

Mtu akisikia hayo huogopa: kama seti yangu inaweza kuwa nyuma, si afadhali nisubiri karata ya nne niione kwanza? Hapana. Ule mkono wa karata 20 ni nadra. Mara nyingi zaidi anayekufuata ana karata 8, 9 au 13 za kumwokoa, na hapo ndipo ukubwa wa dau unapofanya kazi yake.

Tuchukue hatua ya karata ya nne, imebaki moja tu. Kitita kina 100. Ukiweka 100, mpinzani analipa 100 ili ashindanie 200 zilizoko katikati. Ili asipate hasara, inampasa ashinde angalau mara moja katika kila tatu. Ukiweka 50, analipa 50 kushindania 150, na kushinda mara moja katika kila nne kunamtosha.

Sasa yeye anaona karata nane, nne zake na nne za mezani. Zilizobaki ni 44. Akisubiri flashi ana karata 9 za kumwokoa, yaani kama asilimia 20. Bei zote mbili ni ghali kwake. Akiwa na karata 13 ana karibu asilimia 30. Dau la kitita kizima linamtia hasara. Dau la nusu linampa faida. Ni mtu yule yule, karata zile zile, ila umempunguzia bei mpaka ukaanza kumlipa wewe.

Na mwenye 20? Ana asilimia 45. Hakuna bei inayoruhusiwa itakayomfukuza, na hafanyi kosa akilipa. Hata hivyo, kwenye hatua hii yuko nyuma yako, 55 kwa 45, hivyo unataka alipe kingi iwezekanavyo. Vyovyote iwavyo, dau kubwa ndilo jibu.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri mwisho. Kondakta wa daladala hudai nauli abiria akiwa bado ndani, maana akishashuka hakuna cha kudai. Anayesubiri flashi hulipa akiwa bado anaisubiri. Karata ya tano ikifunguka bila shupaza yake, hata umwekee chipu mbili hatalipa. Pesa zake zilikuwa za kuchukuliwa kwenye flopu na kwenye karata ya nne.

Kwa ufupi hadi hapa: dau la kitita kizima hukuza pesa kwa ngazi ambazo huwezi kuzirudia baadaye, huwatoza wanaosubiri bei ya hasara, na huwatoza wakiwa bado wana hamu ya kulipa.

Mkono wenye akiba, na ule usio nayo

Hapa ndipo wachezaji wa kati hutengana na wazuri. Akiba, kwa maana ya sura hii, ni uwezo wa mkono wako kuwa bora zaidi ukikamilishwa na karata zijazo. Mikono miwili inaweza kuwa sawa kabisa kwenye flopu, mmoja ukawa mali na mwingine mtego.

Flopu ni 10 na 9 za shupaza na 8 ya kopa. Wewe una Q-J pamoja na 3-2, na huna shupaza hata moja. Umepata mfululizo wa juu kabisa unaowezekana. Unaweka kitita kizima. Mwenzako anapandisha hadi mwisho wa ruhusa. Kabla hujamrudishia, jiulize ana nini.

Mara nyingi ana Q-J kama wewe. Lakini tuseme za pembeni ni ree na 5 za shupaza. Kwa sasa mko sawa, kitita ni cha kugawana. Ikija shupaza katika karata mbili zilizobaki, na huja takriban mara 40 kati ya 100, anapata flashi na kuchukua chote. Je, wewe una karata gani ya kuchukua chote? Hakuna hata moja. Unacheza mchezo ambao matokeo yake mazuri kabisa ni kurudishiwa nusu yako, huku mwenzako akijaribu bahati bila kuhatarisha kitu.

Na kama hana Q-J, huenda ana seti, ambayo hugeuka fulu meza ikipata jozi, au ana seti pamoja na shupaza. Hakuna kati ya hayo unayoweza kuyafurahia kwa chipu zako zote.

Sasa badilisha 3-2 zako ziwe 10-10. Mfululizo ni ule ule, lakini una seti chini yake. Meza ikipata jozi, wewe ndiye mwenye fulu. Mkono huo urudishe kwa kitita kizima bila kupepesa macho, na akipandisha tena, rudisha tena.

Kwa hiyo ndiyo, katika Omaha kuna wakati wa kutupa mkono ambao kwa dakika hiyo hakuna unaouzidi. Wanaotoka kwenye Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili, hulisikia hilo kama kufuru. Masharti yake ni matatu, na yote yawepo: bado ni flopu, huna akiba yoyote, na chipu zilizobaki mbele yenu ni nyingi kulinganisha na kitita. Ikiwa kilichobaki ni kidogo, kwa mfano hakifiki hata kitita kimoja, ingiza tu. Umekwisha toa kiasi kwamba nusu ya kugawana inatosha kukulipa.

Ree mbili kabla ya flopu

Nimesema mengi juu ya flopu kwa sababu pesa nyingi za Omaha huamuliwa hapo. Kabla yake, mkono unaowatia watu wazimu ni ree mbili. Katika Texas Hold'em huja mara moja katika mikono 221. Katika Omaha, ree mbili au zaidi huja mara moja katika kila 39 hivi. Si ajabu kubwa, basi, na usizichukulie kama harusi.

A-A-K-K zenye aina mbili mbili, mfano shupaza mbili na kopa mbili, ndizo hutajwa sana kuwa mkono bora wa kuanzia. Zikikutana na 8-7-6-5 za aina mbili mbili, ushindi ni karibu 60 kwa 40. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ree zilizoandamana na 9-4 za aina tofauti zina hali mbaya zaidi.

Ukomo wa dau nao unakubana. Madau ya lazima yakiwa 1 na 2, wa kwanza kuingia hawezi kufungua kwa zaidi ya 7. Ukipandisha tena na tena huku kila mmoja bado amebaki na rundo la chipu, umeshatangaza kwa meza nzima kwamba una ree, na flopu ya 8-7-6 itakukuta ukiwa uchi. Kanuni ninayoifuata: rudisha dau kwa nguvu pale ambapo baada ya kufanya hivyo kilichobaki mbele yako hakizidi kitita. Kama kitazidi sana, lipia, ficha ree zako, uone flopu. Hii ni moja ya sehemu chache ambapo kujificha kuna maana.

Lini upite

Sehemu nyingine ni meza iliyokauka. Una K-K na flopu ni K-4-4 za aina tatu tofauti. Fulu yako haina wa kuiogopa isipokuwa mtu mwenye 4-4, na hakuna mfululizo wala flashi ya kusubiri. Hapo nani atakulipa? Hakuna anayesubiri kitu, kwa hiyo hakuna wa kumtoza. Pita, mpe mtu nafasi ya kupata jozi ya ree au ya kudanganya. Hivyo hivyo kama nyuma yako kuna mtu asiyeweza kuona kitita bila kukipiga: mwachie akuwekee dau, kisha umpandishie.

Karata ya tano ina mantiki yake. Hakuna tena cha kusubiri, kwa hiyo hoja ya bei imekufa. Swali linabaki moja: ni mikono gani iliyo chini yangu itakayolipa, na italipa kiasi gani? Ukiwa na flashi ya ree, mwenye flashi ya mfalme atalipa kitita kizima kwa shida lakini atalipa. Mwenye jozi mbili atalipa theluthi, labda. Na ukiwa na mfululizo huku shupaza tatu ziko mezani, usiweke kitu: watakaolipa ni wanaokushinda.

Kabla ya kusogeza chipu kwenye flopu, pitia maswali haya, kwa haraka kadiri unavyoweza:

- Mkono wangu ni wa juu kabisa, au karibu na hapo?
- Una akiba gani?
- Kuna karata ngapi mbaya kwangu zilizobaki?
- Nitaongea mwisho au mwanzo katika hatua zijazo? Anayeongea mwisho anajua zaidi, na anaweza kuthubutu zaidi.
- Kilichobaki mbele yetu ni vitita vingapi?

Swali la mwisho watu hulisahau. Mwenye chipu 1,300 kwenye kitita cha 100 ana hatua tatu kamili za kucheza. Mwenye 150 hana haja ya falsafa. Akipata seti anaingiza zote.

Kuhusu pesa zenyewe nitasema jambo moja, nalo si la mahubiri bali la hesabu. Mchezo ambao aliye mbele huwa na 55 kwa 45, na mara nyingine aliye mbele ndiye mwenye 46, utamnyang'anya hata mchezaji mzuri mara nyingi mfululizo. Ukikaa mezani na pesa za kodi ya nyumba utaanza kuweka nusu kitita pale unapopaswa kuweka kizima, kwa woga tu, na umeona chipu ngapi zinapotea hapo.

Ukitaka kuyajua haya kwa vidole badala ya kwa macho, chukua pakiti ya karata nyumbani. Gawa mikono minne ya karata nne nne, yote wazi. Fungua flopu. Tafuta aliye mbele, kisha hesabu karata za kumwokoa kila mmoja wa waliobaki, na useme kwa sauti ni dau gani ungeweka kwa kitita cha 100. Ndipo ufungue karata ya nne na ya tano. Fanya hivyo jioni nzima kabla hujaweka shilingi yoyote mezani.